Koleza mstari mmoja, mingine ibaki kuwa shahidi

Siku hizi ni nadra kuingia katika ofisi ya serikali, shirika la misaada au chama cha wafanyabiashara usikute grafu ukutani. Kuna grafu za bei ya mahindi, grafu za thamani ya faranga na shilingi, grafu za idadi ya watu waliorejea nyumbani kutoka kambini. Kompyuta imerahisisha kazi hiyo kiasi kwamba karani mwenye jedwali la takwimu anaweza kuchora grafu yenye mistari minane kabla chai yake haijapoa. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini ukimwuliza mama anayevusha maharagwe pale Kobero, au kijana aliyerudi kutoka Nyarugusu na sasa anauza vitenge, kwamba grafu ile imemwambia nini, mara nyingi atakujibu kwamba ameona rangi.

Ukweli wa mambo ni kwamba grafu nyingi tunazowekewa sisi watu wa mpakani haziwezi kusomwa. Sababu si kwamba wasomaji ni wajinga, la hasha. Mtu anayejua kichwani bei ya gunia katika masoko matatu, kwa sarafu tatu, hawezi kuitwa mjinga wa hesabu. Sababu ni kwamba mchoraji hakuamua anataka kusema nini. Ameweka mistari yote, akaipa kila mmoja rangi kali, akasokota tambi zake na kutuachia sisi kazi ya kuzitenganisha. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Je, msomaji aliyepewa njia nane afanye nini?

Maoni yangu katika makala haya ni mafupi. Mchoraji wa grafu yenye mistari mingi aiache mistari yote mahali pake, lakini akoleze mmoja, mingine aifanye kijivu, kisha aandike wazi kwa nini ameuchagua huo. Kwa mtazamo wa haraka hili laweza kuonekana ni suala la urembo. Kwangu mimi ni suala la haki ya msomaji, kwani kwa watu wanaoamua leo wanunue, wauze, wavuke au warudi, grafu isiyosomeka haina tofauti na taarifa iliyofichwa.

Tuanze na idadi ya mistari yenyewe. Mkataba wa kuanzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000, ukiwa na nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Grafu ya jumuiya wakati ule ilikuwa na mistari mitatu, na jicho lolote linaweza kuifuata mistari mitatu. Mwaka 2007 zikaingia Rwanda na Burundi, ikawa mitano. Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake mwaka 2024. Leo ni mistari minane. Jumuiya imepanuka, na huo ni mwelekeo mzuri kwa biashara, lakini macho yetu hayakupanuka pamoja nayo. Namna ya kuchora iliyotufaa mwaka 2000 haitufai tena.

Na programu nyingi za kompyuta hazisaidii zikiachwa zifanye zitakavyo. Kila mstari hupewa rangi kwa zamu, bila programu kujua nini kina uzito na nini hakina. Katika baadhi ya programu, ggplot2 ikiwa mojawapo, zamu hiyo hufuata alfabeti majina yakiwa ni maneno ya kawaida. Kwa hiyo Burundi hupata rangi ya kwanza kwa sababu tu jina lake linaanza na B, na Uganda rangi ya mwisho kwa sababu ya U. Huo ndio uamuzi tunaoletewa ukutani kana kwamba ni wa kitaalamu, kumbe hakuna mtu aliyeamua chochote.

Inafaa tukumbuke kwamba grafu ya mistari ilizaliwa katika mambo ya biashara. Mtu anayetajwa kuwa ndiye aliyeianzisha kwa takwimu za uchumi ni William Playfair, Mskoti, aliyechapisha atlasi yake ya biashara mwaka 1786. Mchoro wake mmoja mashuhuri unahusu biashara kati ya Uingereza na nchi za Denmark na Norway. Una mistari miwili tu: wa bidhaa zilizoingia, wa manjano, na wa bidhaa zilizotoka, mwekundu. Jina la kila mstari limeandikwa pale pale juu ya mstari, halikuwekwa katika kisanduku cha pembeni cha kumtafutisha msomaji. Na lile pengo lililo kati ya mistari hiyo limepewa maelezo yake: hapa mizani ilikuwa dhidi ya Uingereza, na hapa ikageuka ikawa upande wake. Zaidi ya miaka 230 imepita, na mfanyabiashara yeyote wa leo akiangalia mchoro ule ataelewa swali lililoulizwa na jibu lililopatikana. Playfair hakuwa na kompyuta. Alikuwa na hoja.

Sasa tuchukue mfano unaotugusa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hutoa kila mwezi kipimo cha bei za vyakula duniani. Kipimo hicho kina makundi matano: nafaka, mafuta ya mimea, maziwa, nyama na sukari. Wastani wa miaka 2014 hadi 2016 umehesabiwa kuwa 100, na kila mwezi hupimwa kwa kulinganishwa na huo. Kwa hiyo ni grafu ya mistari mitano, na mara nyingi huchorwa kwa rangi tano.

Turudi Machi 2022. Majeshi ya Urusi yalikuwa yameivamia Ukraine Februari 24 mwaka huo, na Ukraine ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Kipimo cha jumla kikapanda hadi karibu 160, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana tangu kipimo kianze. Lakini ile jumla haikuwa habari yenyewe. Mstari wa mafuta ya mimea ulikaribia 250. Nafaka zilipita 170. Sukari wakati huo huo ilikuwa chini ya 120. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 28, Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese, ikazuia kuyauza nje, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Mei 23.

Mfanyabiashara wa mawese wa Rumonge, au mchuuzi anayenunua madumu ya mafuta ya kupikia Kigoma na kuyavusha Mugina, alihitaji mstari mmoja tu katika ile mitano. Kama angewekewa mafuta ya mimea kwa wino mzito na minne mingine kwa kijivu, angeona kwa mtazamo mmoja kwamba mafuta yameiacha nafaka, nyama na sukari mbali. Angejua kwamba kupanda kwa bei ya dumu si ujanja wa tajiri wake wa Kigoma, ni dunia nzima. Pengine angepunguza mzigo, pengine angekopa kidogo zaidi au kidogo pungufu. Uamuzi ungebaki kuwa wake, lakini angekuwa ameufanya akiwa anaona.

Kisha tazama kilichotokea baadaye. Mwaka 2023 mafuta yaliteremka, na kufikia Septemba yalikuwa karibu 120. Sukari nayo ilikuwa imezidi 160, bei ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka 10, kwa sababu ya hofu juu ya mavuno ya India na Thailand. Grafu ni ile ile, mistari ni ile ile mitano, lakini mstari uliostahili kukolezwa umebadilika. Kwa hiyo kukoleza si kazi ya kufanya mara moja na kuisahau. Kila toleo lina swali lake, na kila kundi la wasomaji lina mstari wake. Muuza mandazi ana mistari miwili, ngano na mafuta, na huyo achorewe grafu mbili ndogo, moja kando ya nyingine, kila moja ikiwa na mstari wake uliokolezwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na rangi mbili kali katika grafu moja huanza kupigana.

Mfano wa pili unawahusu ndugu zetu waliorejea. Tunajua kwamba kati ya mwaka 2002 na 2009 Warundi wapatao nusu milioni walirudi nyumbani, wengi wao kutoka Tanzania. Baada ya machafuko ya mwaka 2015 watu zaidi ya 400,000 walikimbia tena, na kuanzia Septemba 2017 safari za kurudi kwa hiari kutoka Tanzania zikaanza kupangwa. Kutoka Rwanda, misafara ya aina hiyo ilianza Agosti 2020. Ukichora grafu ya waliorudi mwezi hadi mwezi, nchi kwa nchi, utapata mstari mmoja mrefu wa Tanzania na mistari mingine ya Rwanda, Kongo, Uganda na Kenya inayotambaa chini kama siafu.

Hapo mchoraji asiyefikiri huachia rangi zifanye kazi, na kila macho huenda kwa Tanzania kwa sababu ndiyo iliyo juu. Je, aliyekuwa Mahama, kule Rwanda, asome nini? Yeye anataka kujua kama wenzake wanarudi, walianza lini, na kama idadi inapanda au inashuka. Mstari wake upo, lakini umezama. Ukiukoleza, ukaufanya mwingine wote kijivu, ghafla anaona kwamba kabla ya Agosti 2020 hapakuwa na msafara, na baadaye ipo. Tanzania itabaki pale juu kwa kijivu, ikimkumbusha kwamba yeye si wa kwanza wala si peke yake. Grafu moja imesema mambo mawili bila kupiga kelele. Na kama mstari wake bado umebanwa chini mno, basi achorewe grafu yake pekee yenye kipimo chake, mradi waandike kwamba kipimo kimebadilika.

Hili la kipimo linahitaji kusisitizwa, kwa kuwa kukoleza hakuwezi kuokoa grafu iliyopimwa vibaya. Chukua sarafu zetu. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160 za Kenya. Mwisho wa Machi mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 131. Kwa mtu anayeuza na kununua kwa shilingi ya Kenya, hayo yalikuwa mabadiliko makubwa, takriban asilimia 18 katika miezi mitatu. Sasa iweke Kenya katika grafu moja na Uganda, ambako dola ilikuwa zaidi ya shilingi 3,800. Mhimili wa wima utafika 4,000. Katika karatasi yenye grafu ya sentimita 20, kushuka kule kwa shilingi 29 kutakuwa chini ya milimita mbili. Paka rangi nyekundu utakavyo, hakuna atakayeona kitu.

Dawa yake inajulikana. Kila sarafu ianzishwe na 100 katika tarehe moja, kisha ihesabiwe kuanzia hapo. Kenya itaanza 100 na kuishia karibu 82, Uganda itakwenda kwa mwendo wake, Burundi na Rwanda vivyo hivyo. Hapo mistari inakuwa na lugha moja, na ndipo kukoleza mmoja kunakuwa na maana.

Na tukiwa kwenye sarafu, tuseme lile ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini. Mei 2023 benki kuu ya Burundi ilipunguza thamani ya faranga, na kwa bei rasmi dola ikatoka karibu faranga 2,100 ikapita 2,800. Kila anayevuka mpaka anajua kwamba bei ya mtaani ilikuwa juu zaidi ya hiyo. Kwa hiyo kuna mistari miwili ya faranga. Ukikoleza ule rasmi na kuacha wa mtaani, msomaji ataona ngazi: tambarare ndefu, kisha kidato kimoja kikubwa. Ukikoleza wa mtaani, ataona mlima. Michoro yote miwili ni ya kweli. Swali ni nani anasoma. Mwagizaji mkubwa anayepewa dola na benki aukolezewe ule rasmi. Mchuuzi wa ndagala ambaye hajawahi kupewa dola na benki hata siku moja aukolezewe ule anaolipia. Lakini katika grafu zote mbili, mstari wa pili usifutwe. Ubaki kijivu, uonekane, kwa kuwa pengo lililo kati yao nalo ni habari, kama lilivyokuwa pengo la Playfair.

Najua kuna watakaopinga. Watasema kukoleza mstari mmoja ni upendeleo, kwamba mtaalamu anatakiwa kuweka takwimu zote sawa na kumwachia msomaji aamue. Hoja hii ina uzito na haifai kudharauliwa. Katika eneo letu tumeona vya kutosha jinsi namba zinavyoweza kutumiwa kusifu au kushutumu. Ofisa anayetaka kuonekana amefanya kazi atakoleza mstari unaopanda na kufifisha unaoshuka. Anayetaka kulaumu nchi jirani atapaka nchi hiyo nyekundu na nyingine zote kijivu, hata kama zimefanya lile lile.

Lakini jibu la hatari hiyo si kurudi kwenye tambi za rangi nane. Grafu ile nayo ina upendeleo, ila ni upendeleo usio na mwenyewe. Nyekundu huita macho kuliko manjano, mstari wa juu huita kuliko wa chini, na msomaji anaongozwa bila kuambiwa kwamba anaongozwa. Afadhali mchoraji anayesema wazi: nimekoleza mafuta kwa sababu nazungumza na wauza mafuta. Huyo unaweza kumbishia. Aliyeacha programu iamue huna wa kumbishia.

Kwa maoni yangu, uaminifu wa grafu iliyokolezwa unasimama juu ya mambo machache. La kwanza, mistari mingine isiondolewe. Ile ya kijivu ndiyo mashahidi, na mtu aliyekwenda barazani bila mashahidi humsikilizi kwa urahisi. Ukiona mstari mmoja peke yake umepanda, hujui kama ni bidhaa hiyo tu au ni soko zima. La pili, kipindi kisikatwe ili kupendeza, yaani usianze grafu siku ambayo bei ilikuwa chini kabisa ili kupanda kuonekane kwa kutisha. La tatu, kichwa cha grafu kiseme sababu ya kukoleza. Badala ya kuandika "Bei za vyakula 2020–2023", andika "Mafuta ya mimea yalipanda kuliko vyakula vingine mwaka 2022". Hapo msomaji ana dai mkononi, na anaweza kuangalia mistari aone kama dai hilo linasimama.

Watakaosema kazi hii inahitaji mashine za gharama wanakosea pia. Excel iliyomo katika kompyuta nyingi za ofisi inatosha. LibreOffice Calc ni ya bure na inatosha vile vile. Chora grafu kama kawaida, kisha bofya kila mstari na kuubadilisha uwe kijivu chembamba. Ule mmoja uupe rangi nzito, na upana wa mara mbili au tatu ya mingine. Futa kile kisanduku cha majina cha pembeni, na badala yake andika jina la mstari pale unapoishia, upande wa kulia, kwa rangi ile ile ya mstari. Mingine iandikwe kwa kijivu, herufi ndogo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau: mstari uliokolezwa lazima uchorwe mwisho, ili upite juu ya mingine. Ukichorwa mwanzo, ile ya kijivu itaukatakata kila inapokutana nao. Katika Excel na Calc, sogeza safu hiyo iwe ya mwisho katika orodha. Vijana wa takwimu wanaotumia R na ggplot2 wanajua kwamba tabaka hupangwa kwa kufuata yalivyoandikwa, kwa hiyo waandike kwanza mistari yote kwa kijivu, kisha waandike tena ule mmoja kwa rangi. Ipo hata nyongeza iitwayo gghighlight: unaitajia sharti la mstari unaoutaka, nayo inafifisha iliyobaki. Ni kazi ya dakika 10, na kwa mwenye mazoea ni pungufu ya hapo.

Faida yake kwetu ni kubwa kuliko kwa watu wa mijini wenye skrini za rangi. Grafu nyingi zinazotufikia zimepigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, tena fotokopi ya fotokopi. Nyekundu na kijani zikipita kwenye mashine hiyo hutoka kijivu kimoja. Wapo pia wasioweza kuzitofautisha rangi hizo kwa macho: kwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini hukadiriwa kuwa mwanamume mmoja kati ya 12, na watu wa aina hiyo wapo kila mahali, hata kwetu. Grafu yenye mstari mmoja mnene mweusi na mingine myembamba ya kijivu haitegemei rangi. Itasomeka gazetini, itasomeka ukutani pa forodha baada ya miezi sita ya jua, na itasomeka kwenye simu ndogo iliyopasuka kioo.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa ofisi zetu za takwimu na benki kuu: endeleeni kuchapisha majedwali kamili, kwani hayo ndiyo akiba ya ukweli. Lakini mnapoyageuza kuwa grafu kwa ajili ya wananchi, amueni kwanza mnazungumza na nani. Wafanyabiashara wadogo wa mpakani hawahitaji nchi nane kwa uzito mmoja. Wanahitaji nchi yao ikolezwe, na saba ziwe nyuma yake.

Kwa mashirika yanayowahudumia waliorejea: grafu zenu hutengenezwa kwa ajili ya wafadhili, na hilo linaeleweka, kwani ndiko fedha zinakotoka. Lakini nakala ya pili, iliyokolezewa mstari wa kambi au mkoa husika na kuandikwa kwa Kiswahili au Kirundi, haigharimu kitu. Mtu anayetakiwa kuamua kurudi kwa hiari yake ana haki ya kuona takwimu zilizochorwa kwa ajili yake. Hiari bila taarifa ni neno tupu.

Kwa wahariri, tukiwemo sisi wa magazeti ya Kiswahili: tuache kubandika grafu kama zilivyokuja. Tukishindwa kusema kwa sentensi moja mstari upi ni habari, basi hatujaelewa habari yenyewe, na msomaji aliyenunua gazeti kwa pesa yake hawezi kuielewa kwa niaba yetu.

Na kwako wewe msomaji unayevuka mpaka alfajiri na kurudi jioni: ukiwekewa grafu mbele yako, usione haya kuuliza. Mstari wangu ni upi? Kwa nini mmekoleza ule na si huu? Mingine mmeipeleka wapi? Aliyechora kwa uaminifu atakujibu bila kutafuta maneno. Asiyeweza kujibu mwambie arudi kwenye kompyuta yake, kwa kuwa mzigo unaobebwa kesho ni wako, na hasara ikitokea hataibeba yeye.